Simu janja haitazuia saruji kupotea kama getini hakupimwi

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuzungumzie jambo linalopigiwa debe sana siku hizi katika ujenzi, nalo ni programu za kusimamia vifaa. Zinanadiwa kana kwamba mwenye jengo akishaipakua moja kwenye simu, saruji itaacha kupotea, nondo zitajihesabu na mchanga utajipima. Sisi ni wakadiriaji majenzi, yaani wapiga hesabu wa vifaa na gharama za jengo, na watunza stoo. Programu hizo ndizo nyenzo zetu za kila siku na hatuna ugomvi nazo. Ugomvi wetu ni kwamba watu wanaanzia mwisho: wananunua droni kabla hawajakubaliana nondo ya milimita 12 iandikwe vipi.

Tuanze basi na hilo jina. Mmoja ataingiza “nondo 12”, mwingine “nondo mm12”, wa tatu “chuma 12”. Kwa fundi ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni vitu vitatu, kila kimoja na salio lake, na haitachukua wiki kabla kimojawapo hakijasoma hasi kwa sababu kilitolewa bila kuwahi kupokelewa. Dawa yake ni orodha iliyofungwa. Kila kifaa kiwe na namba yake, mtunza stoo achague kwenye orodha badala ya kuandika, na mwenye ruhusa ya kuongeza kifaa kipya awe mtu mmoja tu. Afadhali awe mkadiriaji, maana ndiye ajuaye kifaa hicho kinaangukia mstari upi wa mchanganuo wa gharama.

Baada ya jina kuna kipimo, na hapa ndipo hesabu nyingi zinapofia. Nondo hununuliwa kwa tani, hutolewa stoo kwa vipande, na mchoro unazihesabu kwa mita. Usipoipa programu njia ya kuvuka kutoka kipimo kimoja hadi kingine, kila mtu atavuka kwa akili yake. Kanuni ni rahisi: chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa 162, utapata kilo kwa kila mita. Nondo ya 12 inatoka kilo 0.89, kwa hiyo kipande kizima cha mita 12 kina kilo 10.7 hivi. Ya 10 ina kilo 7.4, ya 16 karibu kilo 19. Tani moja ya nondo za 12 ni vipande 93 au 94. Takwimu hizi ziingizwe mara moja tu mwanzoni, na kuanzia hapo programu ndiyo ipige hesabu.

Kanuni hiyo hiyo inafichua wizi ambao kuhesabu vipande hakuwezi kuuona. Nondo iliyoandikwa 12 lakini ina milimita 11 kwa kweli imepungukiwa chuma kwa asilimia 16, kwa sababu uzito hufuata mraba wa kipenyo. Vipande 94 vitashushwa, 94 vitaingizwa kwenye simu, na skrini itasema kila kitu kiko sawa, ilhali kilichoingia ni kilo 840 badala ya 1,000. Tena hasara ya fedha ndiyo ndogo. Mhandisi aliyechora boriti aliihesabu kwa nondo ya 12. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa kupokelea weka sehemu ya uzito isiyoruka: mtu asiweze kuhifadhi mapokezi ya nondo bila kuijaza. Mizani ya kuning'iniza inatosha. Vipande kumi vya 12 vikipimwa pamoja vinapaswa kucheza kwenye kilo 107. Viwango vinaruhusu tofauti ya asilimia chache, lakini kilo 90 si tofauti ya kiwandani.

Sasa getini. Programu nzuri humruhusu mpokeaji kupiga picha ya hati ya mzigo, kisha picha ya mzigo wenyewe ukiwa bado juu ya gari, na hugonga muhuri wa saa na mahali kwenye kila picha. Ufuate utaratibu huo kwa mpangilio huo, kabla tingo hajafungua ubao wa nyuma. Idadi iingizwe wakati wa kushusha, dereva atie sahihi kwenye skrini, ndipo gari liondoke. Mapokezi yanayoingizwa jioni kwa kumbukumbu tunayahesabu kama hayapo, kwa sababu kufikia jioni mtunza stoo huandika namba iliyo kwenye hati, na kwa namba iliyo kwenye hati hukuhitaji simu.

Mchanga na kokoto zina shida yake. Zinauzwa kwa tripu, na tripu si kipimo. Bodi ya lori yenye urefu wa mita 5, upana 2.3 na kina cha mchanga wa sentimita 80 ina meta za ujazo 9.2, hata kama ubavuni pameandikwa 10. Sawazisha mchanga kwa koleo, pima kina sehemu tano au sita ukitumia kipande cha nondo chembamba kilichotiwa alama, na uingize wastani. Namba ya gari ikishahifadhiwa pamoja na vipimo vya bodi yake, safari inayofuata unaingiza kina peke yake.

Lakini hata hapo mchanga unaweza kukudanganya kwa unyevu. Mchanga wenye unyevu wa asilimia tano hivi hufura, chembe zikasukumwa mbali na utando wa maji, na ujazo ukaongezeka kwa asilimia 20 hadi 30. Jaribio lake halihitaji maabara. Jaza mchanga kwenye chombo chenye kuta wima hadi sentimita 20 bila kuushindilia, kisha umimine maji, uuchanganye na uuache utulie. Ukishuka hadi 16, umefura kwa asilimia 25, na meta 10 ulizolipia ni 8. Namba hiyo iingie kwenye programu pamoja na tripu yenyewe, maana itahitajika tena wakati wa kumwaga zege. Wanaopitisha lori kwenye mizani ya daraja wasidhani wameokoka. Mizani inapima na maji.

Kuhusu misimbo ya kubandika, tunashauri ya QR, ile ya miraba inayosomwa kwa kamera ya simu, kwa karibu kila kitu. Ilibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya vipuri vya magari, na ina sifa moja inayofaa sana eneo la ujenzi: ikichapishwa kwa daraja la juu la kujisahihisha, linaloitwa H, inasomeka hata kama asilimia 30 hivi ya data yake imefutika. Vumbi, lipu na mikwaruzo inaivumilia. Wengi huchapisha kwa daraja la chini, L, linalovumilia asilimia 7 tu, halafu wanalalamika kuwa msimbo “umekufa”. Na usiubandike kwenye mfuko wa saruji. Mfuko utachanwa na kutupwa. Bandika kwenye rafu, kwenye palati (fremu ya mbao ya kupangia mizigo) au kwenye kibao kilichosimikwa mbele ya rundo.

Vibandiko vya redio (RFID), vile vinavyosomwa bila kuonekana, vina sifa kubwa kuliko faida yake kwa ujenzi wa kawaida. Chuma hurudisha mawimbi yake na maji huyameza, na eneo la ujenzi ni chuma na maji. Vipo vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kukaa juu ya chuma, na vinafaa kwa vitu vinavyotoka na kurudi kama mabomba ya jukwaa, mashine za kushindilia zege, jenereta. Kuvifunga kwenye nondo zitakazozikwa ndani ya nguzo ni kutupa fedha.

Saruji inataka tarehe. Hata ikihifadhiwa vizuri, ikikaa miezi mitatu inaweza kupoteza karibu moja ya tano ya nguvu yake, na kwenye unyevu hupoteza upesi zaidi. Programu ipangwe itoe kwanza mifuko yenye tarehe ya kiwandani ya zamani zaidi. Wengi wanafuata tarehe ya kufika, na shehena iliyofika jana inaweza kuwa ilitoka kiwandani kabla ya ile ya mwezi uliopita. Tahadhari ilie siku ya 60. Mengine ni ya mikono: palati iinuke sentimita 15 kutoka sakafuni, rundo liwe mbali na ukuta sentimita 30, na lisizidi mifuko kumi kwenda juu, maana ya chini hugandamizwa ikawa migumu.

Mahali ambapo kompyuta inatuzidi sisi binadamu waziwazi ni kwenye ukataji wa nondo, na ajabu ni kwamba hapo ndipo haitumiki. Chukua mfano mdogo. Ratiba ya nondo, yaani orodha ya vipande vinavyotakiwa na urefu wake, inataka vipande 60 vya mita 3.7 na vipande 30 vya mita 4.6, vyote vya kipenyo kimoja. Fundi anakata aina moja kwanza, kisha nyingine, kama alivyozoea. Kila nondo ya mita 12 inampa vipande vitatu vya 3.7 na kumwachia sentimita 90. Nondo 20 zimekwenda. Kila nondo nyingine inampa vipande viwili vya 4.6 na kumwachia mita 2.8, nondo 15 zimekwenda. Jumla 35, na pembeni kuna rundo la mita 60 za vipande ambavyo kesho vitaitwa chakavu.

Sasa jumlisha 4.6 na 3.7 na 3.7. Ni mita 12 kamili. Kazi yote inamalizika kwa nondo 30, hakuna kinachobaki. Nondo tano zimeokolewa bila kumnyima mtu yeyote chochote. Mfano huu tumeupanga uonekane kwa macho; ratiba halisi ya ghorofa moja ina urefu tofauti 40 au zaidi, na hapo hakuna fundi anayeweza kutafuta michanganyiko yote kichwani. Programu ya kupangilia mikato inaimaliza kwa sekunde chache. Ila ilishwe ukweli. Urefu halisi wa nondo zilizopo stoo upimwe, kwa kuwa zipo zinazokuja na mita 11.9. Ikiwa mnakata kwa diski badala ya mkasi, kila mkato unakula milimita mbili au tatu, na mchanganyiko wa mita 12 kamili hautatoka. Vipande vinavyobaki vya zaidi ya mita moja virudi stoo na kuingizwa kama bidhaa yenye urefu wake, ili programu ivitumie kwa ringi zinazozungushwa kwenye nondo za nguzo na boriti kabla haijakwambia ukate nondo mpya.

Twende kwenye kiini cha barua hii. Programu nyingi zinatunza namba mbili, kilichoingia na kilichotoka, na mwenye jengo akiona zinalingana anaridhika. Lakini mfuko uliotoka stoo bado haujafika kwenye jengo. Namba ya tatu ndiyo inayokosekana: jengo lenyewe limemeza kiasi gani kwa mujibu wa vipimo vyake.

Tuseme mnamwaga slabu ya mita 12 kwa 8, unene sentimita 15, kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne. Ujazo wake ni meta za ujazo 14.4. Kwa mchanganyiko huo kila meta ya zege hutaka mifuko 6.3 ya kilo 50, kwa hiyo slabu nzima inataka mifuko 91. Ukiongeza asilimia tano ya upotevu wa kawaida, 96. Stoo imetoa 108. Mifuko 12 iko wapi?

Hapa ndipo mtunza stoo hufukuzwa kazi kwa haraka. Tunasihi, kabla ya hapo pimeni slabu. Mbao za chini zikizama sentimita moja na nusu tu, eneo la meta za mraba 96 limemeza meta 1.44 za zege zaidi, nazo ni mifuko tisa. Kisha tazameni mchanga. Kama ulikuwa umefura na ulipimwa kwa kisanduku bila masahihisho, kila mchanganyiko ulipata mchanga pungufu, ukatoa zege pungufu, na ikabidi kuchanganya mara nyingi zaidi ili kujaza slabu ile ile. Hilo nalo linakula saruji, na halimo mfukoni mwa mtu. Ndiyo maana tulisema namba ya kufura kwa mchanga itahitajika. Toroli nazo zitazamwe: kupima kokoto kwa toroli wakati mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa lita 35 ni kubahatisha. Mkilinganisha kila baada ya kumwaga, sababu zinapatikana zikiwa bado mbichi. Mkingoja mwisho wa mwezi, mtabaki na lawama tu.

Na kuna upande wa pili ambao programu karibu zote zinaukosea. Stoo ikitoa mifuko 75 kwa slabu hiyo hiyo, skrini itaonyesha rangi ya kijani, maana matumizi yako chini ya makadirio. Kwetu sisi hiyo ni taa nyekundu kuliko ile ya 108. Mifuko 16 haipo ndani ya zege inayobeba watu. Ama slabu ni nyembamba, ama mchanganyiko ni dhaifu, na kwa vyovyote kazi isimame mpaka ijulikane. Wekeni ukomo wa juu na wa chini, na wa chini upige kengele kubwa zaidi.

Makadirio yenyewe siku hizi yanatolewa moja kwa moja kwenye mchoro wa kompyuta wa pande tatu, na ni jambo jema, ila yasichukuliwe kama amri. Mchoro hutoa ujazo wa jengo kama lilivyochorwa: hauhesabu upotevu, mara nyingi hauna mapishano ya nondo, yaani urefu ambao nondo mbili hulaliana zinapounganishwa, ambayo kwa kawaida ni mara 40 hadi 50 ya kipenyo, yaani sentimita 48 hadi 60 kwa nondo ya 12. Nguzo ikichorwa ikaingia ndani ya slabu, ile sehemu ya makutano inaweza kuhesabiwa mara mbili. Kila agizo la vifaa liandikwe limetoka kwenye toleo namba ngapi la mchoro. Mhandisi akibadilisha dirisha baada ya agizo kupita, hiyo ndiyo njia pekee ya kujua kwa nini linta zimezidi.

Kuagiza ni hesabu fupi. Kama mnatumia mifuko 40 kwa siku, na mzigo huchukua siku tatu kufika, mkaongeza akiba ya siku moja, basi salio likigusa 160 simu iagize. Kasi ya matumizi ibadilishwe kazi inapobadilika; wiki ya kupiga lipu si wiki ya kumwaga zege.

Droni tulizianza kwa kejeli, kwa hiyo tuzitendee haki. Kwa marundo makubwa ya kokoto au udongo wa kujazia zinapima vizuri, picha zikipishana kwa asilimia 70 hadi 80 na pakiwekwa alama za ardhini zilizopimwa. Kosa la kawaida ni kusahau kupiga picha ya uwanja mtupu kabla rundo halijamwagwa. Bila hiyo programu inabuni chini ya rundo kukoje, na kama pana bonde, kokoto zilizojaa ndani ya bonde hazitahesabiwa. Kwa rundo moja la mchanga, futi kamba inatosha. Zungusha chini: mita 22 maana yake nusu kipenyo ni mita 3.5. Kimo kipatikane kwa mti na uzi uliosawazishwa, tuseme 2.1. Rundo la umbo la pia lina meta za ujazo 27.

Yanayobaki ni nidhamu ya akaunti. Kila mtu awe na neno lake la siri, maana neno la siri la stoo nzima ni sawa na funguo iliyotundikwa mlangoni. Anayeagiza asiwe anayepokea. Ingizo lililokosewa lisifutwe, lirekebishwe kwa ingizo la kinyume ili kosa na sahihisho vyote vionekane. Programu lazima ifanye kazi bila mtandao na itume data mtandao ukirudi. Isiyoweza hivyo msiinunue hata ikiwa na picha nzuri. Hesabu ya stoo ifanywe kwa vifaa vitano kila siku badala ya vyote mara moja kwa mwezi, na anayehesabu asionyeshwe salio la kwenye simu mpaka ameingiza lake. Akiliona kwanza, atahesabu hadi lifike.

Tena ulizeni kabla ya kulipia: data yote inaweza kutolewa kama lahajedwali siku mkataba ukiisha? Miaka miwili baada ya kukabidhi jengo, kigae kikipasuka bafuni, mtahitaji kujua toleo na namba ya rangi iliyokuwa kwenye boksi lake, kwani vigae vya jina moja kutoka matoleo mawili havifanani vikiwekwa pamoja. Namba hiyo ilichanwa na kutupwa pamoja na boksi. Inapatikana tu kama mpokeaji aliipiga picha siku ya kushusha na kuandika ni ya chumba kipi.

Wenu,
Wakadiriaji majenzi na watunza stoo